Kibandiko Kwenye Trei

Fundi mmoja wa seva alinifundisha kazi bila kuniambia neno. Alikwishahama nilipoajiriwa. Alichoacha ni kabati la mashine, na kwenye kila trei ya diski kibandiko cheupe: herufi nne za mwisho za namba ya siriali, na tarehe diski ilipoingizwa. Mwandiko ulionyooka, wino usiofutika. Nilivipita vibandiko vile kila siku nisivitilie maanani.

Kisha nikahamia penye seva isiyo na kibandiko hata kimoja. Diski nne zilikuwa zimeungwa kwa mtindo wa RAID 5, unaostahimili kufa kwa diski moja tu. Usiku mmoja ujumbe ukaja: diski iitwayo sdc imekufa. Nikahesabu kutoka kushoto, a, b, c, nikachomoa ya tatu. Taa yake ya kijani ilikuwa bado inapepesa nilipoivuta. Ilikuwa nzima. Mafaili yote yakagoma, na kuirudisha hifadhi ile kulituchukua hadi alfajiri.

Linux haihesabu kutoka kushoto. Hugawa majina hayo kwa kadiri diski zinavyojitokeza mashine inapowaka, na iliyokuwa sdc leo yaweza kuwa sdb kesho. Ni kama kumwita abiria kwa kiti alichokalia daladalani. Programu ya udev, iliyozaliwa 2003 mikononi mwa Greg Kroah-Hartman na wenzake, ndiyo inayotunza saraka ya /dev/disk/by-id, ambamo diski huitwa kwa modeli na namba yake ya siriali, ile ile iliyochapwa juu ya chuma chake. UUID, utambulisho wa mfumo wa mafaili wenye herufi na tarakimu 32, nayo inafaa, lakini hilo ni jina la kilichomo, si la chombo: ukiunda upya mfumo wa mafaili linabadilika, na ukinakili diski nzima unapata pacha wawili wenye jina moja.

Ndiyo maana namheshimu yule fundi. Jina ambalo mashine inalijua na jina unalolisoma kwa tochi nyuma ya kabati aliyafanya kuwa moja, kama seremala anayetia alama mbao kabla ya kuzitenganisha.

Andika vibandiko vyako leo, diski zingali hai. Programu ya smartctl itakusomea namba ya kila moja sasa hivi. Ikishakufa, mara nyingi haijibu hata ikiulizwa jina lake.