Masteri ya bei chini: tunauliza bei, hatuulizi mlango



Kuko orodha moja inazunguka kwa simu zetu tangu miezi kadhaa: masteri za bei chini kwa intaneti, kwa wale wanaotaka kufundisha vyuoni. Mimi niliipokea mara tatu. Ya kwanza toka kwa wenzangu wa promosio ya agronomia, ya pili toka kwa binamu yangu, na ya tatu toka kwa muzee mmoja wa parokia aliyeongeza maneno haya: "Mwanangu, soma hii, usikae tu hivi." Basi nikaisoma yote, daftari pembeni. Leo nataka kuihakiki kama tunavyohakiki kitabu, juu watu wanatoa pesa kwa kuiamini.

Nianze na uzuri wake. Orodha inasema wazi kwamba kusoma kwa mbali haiko haya, na hapo ina haki. Chuo Kikuu cha London kilifungua mitihani yake kwa watu wa nje tangu 1858. UNISA ya Afrika Kusini inafundisha kwa mbali tangu 1946, na Nelson Mandela alipata shahada yake ya sheria huko mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Karibu na sisi, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kiliundwa kwa sheria ya 1992. Mwenye kucheka diploma ya mbali anacheka kitu asichokijua.

Ubaya unaanza kwa namna orodha ilivyopangwa: toka bei ya chini mpaka bei ya juu, basi. Ni kama muuza mbegu anayepanga maharage kwa bei ya kilo bila kukuambia ile mbegu ni ya bonde la Ruzizi ao ya milima ya Kabare. Utanunua bei rahisi, utapanda, kiisha utavuna majani.

Swali la kwanza ambalo orodha hailiulizi ni hili: unataka kufundisha nini, na wapi? Inaonekana iliandikwa kwanza kwa watu wa Marekani, wanaotafuta kazi katika vyuo vya miaka miwili. Lakini hata kule, vyuo vingi vinataka mwalimu awe na masteri katika somo lile lile analofundisha, ao awe amefanya angalau krediti 18 za ngazi hiyo katika somo hilo. Kwetu hali inafanana. ISP, ISDR, ISTM na taasisi zetu zingine za juu, mtu anaingia kwa mlango wa departementi, na departementi inatafuta mtu wa somo. Ukileta masteri ya elimu kwa jumla, inaweza kukusaidia kule wanakofundisha ualimu wenyewe. Kwa kozi ya udongo ao ya magonjwa ya mimea, watakuuliza: somo lenyewe ulilifanya wapi?

Chukueni mfano wa University of the People ya Marekani, ambayo watu wengi kwetu wanaitaja. Ilianza 2009, haitozi pesa ya masomo, unalipia kila kozi wakati wa kupimwa. Ni kitu kizuri. Lakini masteri zake ni za biashara, elimu na informatika. Ndugu yangu wa informatika, huo ni mlango wako. Mimi wa agronomia nikiingia pale, nitatoka na karatasi nzuri na kazi ile ile ninayokosa leo.

Swali la pili ni la hii licence yetu. Sisi wa mfumo wa zamani tulifanya miaka mitatu ya graduat, kiisha miwili ya licence: jumla mitano. Kwa Ufaransa, na sasa kwa wadogo zetu walioingia LMD, licence ni miaka mitatu. Neno ni moja, miaka haiko sawa. Ukituma diploma bila maelezo, kule ng'ambo wanaweza kukuhesabia mitatu na kukurudisha nyuma mwaka mzima, na mwaka huo unalipa wewe. Njo maana kabla ya kutuma dosie, tia ndani karatasi za pointi za miaka yote mitano, na barua inayoeleza mfumo wetu. Orodha haina hata mstari mmoja juu ya hilo.

Swali la tatu ni bei yenyewe. Hapa orodha inajidai kuwa na nguvu, na hapa njo inadanganya zaidi. Bei iliyoandikwa ni ya shule. Bei ya Cimpunda ni ingine: mega za kuangalia video, umeme unaokatika saa ya mtihani, chaji ya simu na laptopu kwa jirani mwenye paneli, karatasi za kutafsiri. Tangu mwezi wa pili 2025, benki za mji zilipofunga milango, hata kutuma pesa ni safari: unavuka kwenda Rwanda, ao unapitia mtu anayekata komisio. Nilifanya kozi moja ya bure ya majuma sita ili nijipime. Ya bure! Ilinikula dola 38. Zidisheni hiyo kwa miaka miwili.

Na kuko bei ya kutojua. Mwaka 2023 nililipa dola 60 za dosie kwa shule moja, sitaitaja jina. Mama yangu anauza sambaza kwa soko la Kadutu. Zile 60 zilitoka kwa kikundi chake cha akiba. Kiisha kulipa njo nikauliza: diploma yenu inatambuliwa na nani? Mpaka leo sijapata jibu. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Swali lile lilipaswa kutangulia pesa.

Juu ukimaliza, bado kuna ekivalansi. Diploma ya ng'ambo inapita kwa wizara ya ESU, Kinshasa, na njia ya kufika Kinshasa toka Bukavu siku hizi, kila mtu anaijua. Kabla ya kulipa franka moja, uliza shule kwa maandishi: ni serikali gani inawatambua? Diploma itaandikwa "kwa mbali" ao hapana? Halafu peleka jibu kwa sekretari wa akademia wa chuo unachotaka kufundisha, umuulize kama wataipokea. Yeye njo mwenye mlango.

Wengine wataniambia: "Yaya, unatuvunja moyo. Bora karatasi yoyote kuliko kukaa." Ninawaelewa. Mwaka huu ninafundisha masaa machache kwa chuo kimoja, na wameniambia bila masteri sitaendelea. Hofu hiyo ninalala nayo. Lakini hofu njo inauza zile karatasi.

Kwa sisi wa mashamba kuko jambo la mwisho. Masteri ya intaneti haina maabara wala shamba. Lakini kuko zingine zinazokuachia ufanye memuari nyumbani, na mwelekezi wa pili wa huku. Hiyo niliitia juu ya orodha yangu mpya, hata kama haiko ya bei chini kabisa. Migomba inayonyauka Kabare iko hapa. INERA Mulungu iko hapa, IITA Kalambo iko hapa. Mwalimu aliyefanya memuari kwa udongo wa Walungu atakuwa na kitu cha kuwaambia wanafunzi kisichopatikana kwa video.

Basi pangeni orodha upya, kila mtu na yake: kwanza somo, pili mlango wa chuo, tatu kutambuliwa, nne memuari, na bei ije mwisho, bei yote. Yangu ilikuwa na majina 25. Sasa yamebaki mawili, na kwa yote mawili bado ninangoja majibu ya maandishi. Mpaka yafike, pesa ya mama inabaki kwa kikundi.