Mchochota, Uvimbe na Namba: Uhakiki wa Lugha na Vipimo vya Njia za Hewa kwa Mfano wa Mkoa wa Simiyu

Neno mchochota limo katika istilahi za tiba za Kiswahili kwa maana ya sehemu ya mwili kuvimba, kupata joto, kuwa nyekundu na kuuma. Hata hivyo, mgonjwa wa pumu au wa ugonjwa sugu wa kuziba kwa njia za hewa kwa kawaida huelezwa kuwa mirija yake ina uvimbe. Kasoro ya uteuzi huo si ndogo. Katika matumizi ya kila siku uvimbe ni pia kitu kinachoota mwilini, na anayelisikia neno hilo likitajwa pamoja na mapafu huweza kuwaza saratani kabla ya kuwaza dawa ya kuvuta.

Vipimo navyo vina utata wake. Spiromita hupima kiasi na kasi ya hewa inayotolewa, haipimi mchochota. Mchochota hukadiriwa kwa kuhesabu seli katika makohozi, kwa kupima nitriki oksaidi katika pumzi, au, kwa njia iliyo rahisi zaidi, kwa kuhesabu eosinofili katika damu. Mwongozo wa kimataifa wa GOLD huchukulia eosinofili 300 au zaidi kwa maikrolita kuwa hoja ya kumpa mgonjwa steroidi ya kuvuta, na chini ya 100 kuwa hoja ya kutompa.

Hapa ndipo penye uzito. Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012, umo katika Kanda ya Ziwa, ambako kichocho kimeota mizizi. Kichocho na baadhi ya minyoo hupandisha eosinofili za damu hata pale ambapo si njia za hewa zilizo chanzo. Mkulima wa pamba wa Itilima au Meatu anaweza kuvuka 300 kwa sababu ya maji ya bwawa. Akipewa steroidi kwa hesabu hiyo pekee, anaongezewa hatari ya nimonia bila hakika ya nafuu. Upande wa pili, moshi wa kuni na makovu ya kifua kikuu mara nyingi huambatana na mchochota wa nyutrofili, ambao hesabu ya eosinofili haiuoni. Namba ndogo basi si ushahidi kwamba mirija ni salama.

Kwa hiyo kuiita hesabu hiyo “kipimo cha uvimbe wa mapafu” ni kukosea mara mbili: jina linatisha, tena linadai zaidi ya kinachopimwa. Afadhali iitwe hesabu ya eosinofili, itanguliwe na kipimo cha mkojo na choo, na mgonjwa wa Bariadi aelezwe kwamba utando wa ndani wa mirija yake umekuwa mwekundu na kuvimba, mfano wa jicho lililoingiwa na moshi wa jikoni. Neno mchochota laweza kufuata baada ya maelezo hayo.