Tanzu za Fasihi na Msomaji wa Funzi

1. Utangulizi

Tangu uhakiki wa fasihi ya Kiswahili uingie katika vyuo vikuu vya Afrika Mashariki, wahakiki wamezoea kuigawa fasihi andishi katika mafungu matatu makuu, yaani riwaya, tamthilia na ushairi. Hadithi fupi huongezwa nyuma kama kitinda mimba. Mgawanyo huo una manufaa yake, kwani humsaidia mwalimu kupanga somo na mtahini kutunga maswali. Walakini umezaa desturi moja isiyomfaa msomaji: kila utanzu husomwa peke yake, kana kwamba aliyekwisha soma riwaya hana haja tena ya tamthilia, na kana kwamba mashairi ni mali ya malenga na wanafunzi wao tu.

Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba kila utanzu huuliza maswali ambayo utanzu mwingine hauwezi kuyauliza kwa namna ile ile, na kwamba asomaye utanzu mmoja tu husikia nusu ya mazungumzo. Ili mjadala usiwe wa nadharia tupu, umefungwa mahali pamoja: Funzi, kisiwa cha wavuvi kilichoko baina ya Msambweni na Shimoni katika pwani ya kusini ya Kenya, ambako watu huvuka kwa mashua kutoka Bodo kupitia katikati ya mikoko. Msomaji anayekusudiwa hapa si mtu mmoja mwenye jina lake. Ni yeyote aliyezaliwa mahali pale, akapita shuleni, akakiacha kitabu mlangoni siku aliyomaliza mtihani.

2. Aliyo nayo msomaji kabla ya kitabu

Ni kosa kudhani kwamba msomaji wa namna hii hukutana na tanzu kwa mara ya kwanza darasani. Mtoto wa pwani husikia ngano kabla hajajua herufi. Anajua kwamba "Paukwa" hudai "Pakawa", na kwamba kitendawili hakiendelei mpaka mwenziwe amwambie "Tega". Maana yake ni kwamba anajua, bila kufundishwa na mtu, kuwa sanaa ina masharti na kwamba msikilizaji ana sehemu yake katika kuitimiza. Msimulizi hodari humgeuzia sauti: sasa ni sungura, sasa ni fisi, sasa ni bibi kizee. Hiyo ni tamthilia ya mtu mmoja, japokuwa hakuna anayeiita hivyo. Katika maulidi husikia kasida, akajifunza mizani na vina kwa sikio kabla ya kuvihesabu kwa vidole. Kwa jirani zake Wadigo huiona ngoma ya sengenya, ambamo wimbo, mwendo na hadhira havitenganiki.

M. M. Mulokozi, katika makala yake juu ya tanzu za fasihi simulizi iliyotoka katika jarida la Mulika mwaka 1989, alisisitiza kuwa fasihi hiyo haina budi kutazamwa pamoja na muktadha na utendaji wake. Fundisho hilo lina uzito hapa. Mtu aliyelelewa katika utendaji huyazoea mapito ya kutoka masimulizi hadi wimbo, na kutoka wimbo hadi maigizo, katika usiku mmoja. Shule ndiyo inayomfundisha kuvitenga. Ulipoanzishwa mfumo wa 8-4-4 nchini Kenya mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima la kutahiniwa, na hiyo ilikuwa hatua kubwa kwa lugha. Lakini pamoja na hatua hiyo kilikuja kitabu teule, na kitabu teule husomwa kwa kutafuta majibu. Wahusika hugeuka orodha, na maudhui hugeuka vichwa vya habari. Mtihani ukiisha, haja ya kitabu nayo huisha.

3. Jambo moja katika tanzu tatu

Njia iliyo bora ya kuipima thamani ya kusoma tanzu mbalimbali ni kulifuata jambo moja ndani ya kazi za aina tofauti. Na lichukuliwe jambo la haki ya mnyonge, ambalo si geni katika ujirani wa Funzi. Mto Ramisi humwaga maji yake katika hori ya Funzi, na kando ya mto huo yalikuwako mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari kilichofungwa mwaka 1988. Vibarua, ujira na umiliki wa ardhi ni mambo ambayo wakazi wa sehemu hizo wameyajua kwa miili yao kabla ya kuyasoma.

Riwaya ya Kuli ya Shafi Adam Shafi (1979) inahusu makuli wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa mwaka 1948. Uwezo mkubwa wa riwaya hii umo katika muda. Msomaji anamfuata Rashidi tangu utoto, anaijua nyumba yake na umaskini wake, anamwona akiingia katika kazi ambayo baba yake naye aliifanya, na pole pole anaona fahamu zake zikifunguka. Mgomo unapofika si ajabu tena, umekwisha iva. Riwaya, basi, huuliza: mtu huwaje mpaka akakataa?

Tamthilia ya Alamin Mazrui, Kilio cha Haki (1981), nayo inahusu wafanyakazi wanaopambana na mwajiri wa kikoloni, lakini shambani badala ya bandarini. Hapa mwandishi hana nafasi ya kusimulia utoto wa mtu. Wahusika huingia wakiwa tayari katika ugomvi, na Lanina, mwanamke anayewaongoza, hupingwa si na mwajiri peke yake bali pia na baadhi ya wenziwe wasioridhika kuongozwa na mwanamke. Mgongano huo wa ndani hauwezi kufichwa jukwaani, kwa sababu wanaopingana wamesimama mbele ya macho ya watazamaji. Tamthilia, basi, huuliza: wanyonge wenyewe wamekubaliana nini baina yao? Swali hili halikosekani katika Kuli, lakini katika Kilio cha Haki haliwezi kukwepwa.

Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) ni diwani iliyotungwa gerezani, ambako mshairi alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kisiasa. Ndani yake limo shairi la Mnazi, ambamo ndugu wawili, Alii na Badi, wanashindania mti mmoja. Kwa msomaji wa kisiwani, mnazi si ishara kwanza. Ni mali, ni tui, ni makuti ya nyumba, ni urithi uwezao kugawanya watoto wa tumbo moja. Ndipo shairi linapomwongoza, ubeti baada ya ubeti, kuona kwamba mti ule huenda ukawa nchi nzima. Jambo la kustaajabisha ni kuwa shairi hili ni majibizano mwanzo hadi mwisho. Lina wahusika wawili, lina mgogoro, na lingeweza kusemwa jukwaani bila kubadilishwa neno. Ushairi hapa huuliza: kila upande una hoja gani, na kwa maneno gani machache hoja hiyo husimama?

Kwa hiyo msomaji aliyezisoma kazi zote tatu hakusoma jambo moja mara tatu. Ameona kukua kwa mtu, akaona mfarakano wa kundi, akapima uzito wa hoja. Aliyeishia kwenye kazi moja hakupotoka, ila hakufika.

4. Tamthilia na masimulizi

Mfano wa Mnazi unaonyesha kwamba mipaka ya tanzu si kuta. Ukweli huu huonekana wazi zaidi katika maendeleo ya tamthilia. Katika miaka ya 1950 michezo ya Kiswahili nchini Kenya, kama ile ya Graham Hyslop na ya Henry Kuria, ilifuata zaidi mtindo wa jukwaa la shule. Julius Nyerere alimtafsiri Shakespeare, kwanza Julius Caesar mwaka 1963, kisha Mabepari wa Venisi mwaka 1969, akaonyesha kuwa Kiswahili kinaweza kubeba hotuba nzito za jukwaani. Mwaka ule ule wa 1969 Ebrahim Hussein alitoa Kinjeketile, tamthilia inayohusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Bado umbo lake lilikuwa karibu na umbo la Ulaya. Lakini katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976) Hussein aliirudia sanaa ya msimulizi, akamfanya mtu mmoja abebe mchezo kwa sauti yake. Penina Muhando naye, katika Nguzo Mama (1982), alimweka Bi Msimulizi jukwaani kati ya hadhira na kijiji cha Patata.

Wako wanaozilaumu kazi hizi kwa ugumu wake, hasa Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi. Lawama hiyo ina ukweli kiasi kwa mtu anayezisoma kimya kimya. Lugha yake imefumbwa, na mistari yake hutaka pumzi ya msemaji. Lakini aliyezoea ngano za jioni ana ufunguo ambao mwanafunzi wa mjini huenda hana: anajua kuisikiliza sauti inayogeuka. Kile kinachoitwa majaribio na wahakiki kingeweza kuwa, kwa hadhira ya Funzi, jambo la nyumbani lililorudi kwa vazi jingine. Hapana budi, hata hivyo, tamthilia hizo zisomwe kwa sauti. Tamthilia inayosomwa kimya ni kama chombo kilichopandishwa pwani: umbo lake huonekana, mwendo wake haujulikani.

5. Vitabu vya kujifurahisha

Wahakiki wengi wamevidharau vitabu vya upelelezi na vya safari. Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla (1960) mara nyingi hutajwa kwa kufananishwa tu na hadithi za Sherlock Holmes, na kwa kukosa kuihoji jamii. Ni kweli kwamba Bwana Msa akishafumbua fumbo mambo hurudi mahali pake, na mpangilio wa jamii hauguswi sana. Lakini hadithi za namna hiyo humfundisha msomaji kutilia shaka yanayoonekana, kukumbuka jambo dogo lililotajwa kurasa nyingi nyuma, na kutokubali kwamba kila kifo ni kazi ya mizimu. Msomaji aliyepata mazoezi hayo yuko tayari kwa vitabu vizito zaidi.

Nahodha Fikirini ya Ali Jemaadar Amir (1972) nayo humvuta msomaji wa pwani kwa bahari yake. Hapa pana jambo la kusahihishwa. Bahari ya riwaya za safari ni njia ya kufikia maajabu. Bahari ya Funzi ni mahali pa kazi: kuna dema la kuteguliwa, kuna maji kujaa na kupwa, kuna bei ya samaki inayopangwa na mtu asiyelowa. Kijana akiisoma Nahodha Fikirini kisha akaisoma Kuli, hawezi kukosa kujiuliza ni nani atakayemwandikia mvuvi kama Shafi alivyomwandikia kuli. Swali hilo halitokani na kitabu kimoja wala kingine. Hutokana na kuviweka viwili pamoja.

6. Suala la lugha

Inaweza kupingwa kwamba vitabu hivi vyote vimeandikwa kwa lugha isiyokuwa ya Funzi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili sanifu. Lahaja ya Chifundi, yenye "chi-" kama jina lake lenyewe linavyoonyesha, ilibaki katika vinywa vya wenyewe na katika utafiti wa H. E. Lambert uliochapishwa mwaka 1958. Hoja hii si ya kupuuzwa, kwani msomaji asiyejiona katika lugha ya kitabu huweza kudhani kuwa fasihi ni ya wengine.

Jibu limo katika tanzu zenyewe. Abdilatif Abdalla hakuiacha Kimvita alipotunga, na wasomaji wa sehemu nyingine wamejifunza maneno yake badala ya kumtaka ayabadilishe. Ushairi, kwa hiyo, umekwisha ifungulia lahaja mlango. Tamthilia inaweza kuufungua zaidi, kwa kuwa mhusika hana budi kusema kama asemavyo mtu wa mahali pake. Mwandishi wa Funzi atakapotokea huenda akasimulia kwa Kiswahili sanifu na kuwaacha wazee wake wajibizane kwa Chifundi. Lakini hawezi kuijua njia hiyo kama hajasoma ila riwaya moja ya mtihani.

7. Tamati

Haitoshi, basi, kuhimiza watu wasome vitabu vingi. Idadi peke yake haina maana. Mtu aweza kusoma riwaya kumi zinazofanana. Linalotakiwa ni kuvisoma kwa kuvipambanisha: Kuli pamoja na Kilio cha Haki, Mnazi pamoja na mashauri ya urithi yanayojulikana kijijini, Ngao ya Jadi baada ya ngano ya bibi. Mwalimu anaweza kuanza na nakala moja na sauti yake mwenyewe, maana hadhira ya kusikiliza Funzi imekuwako kabla ya shule.

Uhakiki nao una deni. Umejitahidi kueleza utanzu ni nini, lakini umeeleza kidogo mno msomaji hufanya nini anapotoka katika utanzu mmoja na kuingia katika mwingine. Mpaka kazi hiyo ifanywe, fasihi ya Kiswahili itaendelea kuwa tajiri katika rafu za vyuo na maskini katika visiwa vilivyoizaa lugha yake.