"Kilimo endelevu": endelevu kwa mfuko wa nani?

Kuna neno moja siku hizi halikosi kwenye andiko la mradi wowote wa kilimo: "endelevu". Sisi wanafunzi wa uzamili tunaliandika hata bila kufikiri, maana tunajua wafadhili wanalipenda. Hebu leo tulibane kidogo.

Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ililipa neno hili umaarufu. Kwa kifupi wazo lilikuwa: tule leo bila kula na cha wajukuu. Wazo zuri, ila haliambii mkulima atakula nini msimu huu huku akiwatunzia hao wajukuu.

Angalia Sri Lanka. Mwaka 2021 serikali ilipiga marufuku ghafla kuingiza nchini mbolea na viuatilifu vya kemikali. Ilitaja afya na mazingira, lakini fedha za kigeni nazo zilikuwa zinaisha. Mavuno ya mpunga yakashuka, nchi ikalazimika kuagiza mchele, na kabla mwaka haujaisha marufuku ikaanza kulegezwa. Wapo wanaosema hii inathibitisha kwamba kilimo hai ni ndoto. Sikubali. Kilichothibitika ni kwamba udongo haubadiliki kwa tangazo. Naitrojeni ukiiondoa kwenye mfuko, lazima itoke kwingine: samadi, mboji, mikunde. Na hivyo vyote vinataka muda, mifugo na mikono ya watu.

Je, tubaki na mfuko basi? Mbolea ya naitrojeni hutengenezwa kwa wingi kutokana na gesi asilia. Bei zilipopaa mwaka 2022, Tanzania na Kenya ziliingiza ruzuku. Shamba linalosubiri hazina ya serikali kila gesi inapopanda nalo si endelevu, hata likivuna magunia mengi.

Sasa tuje kwetu. Watafiti wa ICIPE kule Mbita, kando ya Ziwa Victoria, pamoja na wenzao wa Rothamsted, Uingereza, walibuni mbinu ya "vuta-sukuma". Kati ya mistari ya mahindi unapanda desmodiamu, ambayo harufu yake inawafukuza nondo wa bungua wa mabua. Pembezoni unapanda majani ya nepia yanayowavuta. Juu ya hapo, kemikali za mizizi ya desmodiamu huchochea mbegu za kiduha kuota, kisha zife kabla hazijashika mzizi wa mahindi. Udongo unapata naitrojeni, ng'ombe anapata malisho. Sayansi safi kabisa!

Mbona basi haijajaa kila shamba? Jibu letu la haraka huwa "wakulima wanahitaji elimu". Kusema kweli, jibu hilo ni la uvivu. Desmodiamu huchelewa kushika, kwa hiyo msimu wa kwanza palizi inakuwa kazi kweli. Malisho yana thamani kama una ng'ombe, au jirani wa kukununulia. Tena mimea hii ni ya miaka kadhaa, wakati wengi hukodi shamba kwa msimu. Apande yeye, faida avune mwenye shamba? Hapo mkulima hajakosa elimu. Amepiga hesabu, tena vizuri kuliko sisi.

Ndiyo maana lawama yangu naielekeza kwetu wenyewe. Tunapima kaboni ya udongo hadi desimali ya pili, halafu siku za palizi hatuzihesabu. Napendekeza hivi: anayetaka kuandika "endelevu" kwenye tasnifu yake aonyeshe mambo matatu. Kazi ni siku ngapi? Msimu wa kwanza unahitaji shilingi ngapi mkononi? Ardhi ni ya nani? Akishindwa, aandike tu "inahifadhi udongo". Hilo nalo ni jambo la maana, na litakuwa kweli.