Kizibo na Chupa Yake: Swala la Nyenzo za Kuokotwa katika Sanaa ya Kubandika

Mhakiki anayekabiliana na kazi ya sanaa iliyoundwa kwa vitu vya kuokotwa huwa mwepesi kuikimbilia dhana ya taka. Husifu jinsi msanii alivyokitoa kitu jalalani akakipa uzuri, kisha huweka kalamu chini. Sifa hiyo ina kasoro ya kimsingi, kwani huuchukulia uzuri kuwa ni kusahaulika kwa kitu kilivyokuwa awali. Makala haya yanashikilia kinyume chake: kazi zilizo bora katika utanzu huu ni zile ambazo nyenzo yake inaendelea kusema ilikotoka, hata pale msanii anapoilazimisha kusema jambo jingine.

Kihistoria sanaa ya kubandika, yaani kolaji, huhusishwa na Pablo Picasso na Georges Braque huko Ufaransa mwaka 1912. Katika picha mojawapo ya mwaka huo Picasso alibandika kipande cha kitambaa cha mezani kilichochapishwa nakshi ya kiti cha kusukwa, akaizungushia picha kamba halisi badala ya fremu. Historia hiyo inajulikana na haina haja ya kurefushwa hapa. Linalofaa kuongezwa ni kwamba kupachika kitu kigeni ndani ya kazi ya mtu si jambo lililoingoja Paris. Makaburi ya mnara katika pwani ya Afrika Mashariki, kama yale ya Mambrui na Kunduchi, yalipambwa kwa bakuli za kaure za Uchina zilizozamishwa katika chokaa. Bakuli hizo hazikuwa taka, zilikuwa mali. Hata hivyo ziliingia kaburini pamoja na safari yao, zikamweleza mpita njia kuwa aliyelala hapo alikuwa na mkono uliofika mbali.

Mfano unaotajwa mno katika mjadala huu ni El Anatsui, mzaliwa wa Ghana (1944), aliyeanza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Nigeria, Nsukka, mwaka 1975. Mwishoni mwa miaka ya 1990 alianza kutumia vizibo vya alumini vya chupa za pombe kali. Yeye na wasaidizi wake huvibapa, huvikunja, kisha huviunganisha kwa nyaya nyembamba za shaba hadi vikawa mfano wa shuka kubwa la madini. Watazamaji huona kente, na hawakosei. Lakini pombe ina historia yake Afrika Magharibi. Wafanyabiashara wa Ulaya waliileta kuwa bidhaa ya kubadilishana, na ramu yenyewe ilitokana na miwa iliyolimwa na watumwa ng'ambo ya Atlantiki. Majina ya pombe yangali yamechapwa kwenye vizibo. Anayeambiwa tu kwamba hiki ni kitambaa cha taka amenyimwa nusu ya kazi.

Wanafasihi wanalifahamu kosa hili. Ni sawa na tasnifu inayoorodhesha methali zote za riwaya, ikaifafanua kila moja, bila ya kuuliza ni nani aliyepewa kuitamka na kwa nini yeye.

Kuna jambo jingine linalomvuta mwanafasihi kwa Anatsui. Mashuka yake hayana umbo la kudumu: anayeyatundika huruhusiwa kuamua mikunjo yake, na hivyo kazi ile ile huonekana tofauti kila inapohamishwa. Ni rahisi kumfananisha mtundikaji na fanani wa ngano. Ulinganisho huo una ukomo wake. Fanani hukosolewa papo hapo na hadhira inayoijua hadithi. Mtundikaji wa jumba la makumbusho huiwajibikia taasisi iliyomwajiri. Uhuru huo basi si mweupe kama unavyosifiwa. Tena kadiri kuta zinavyozidi kuwa ndefu ndivyo mng'aro unavyoelekea kuyameza maandishi ya vizibo. Katika Behind the Red Moon, iliyoonyeshwa Tate Modern, London, kuanzia mwaka 2023, Anatsui alikabiliana na hatari hiyo kwa kulipa shuka moja umbo la tanga. Jina la pombe lisiposomeka, merikebu inaonekana.

Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, anafuata njia nyingine. Anatsui huunga, Mutu hukata. Katika Histology of the Different Classes of Uterine Tumors, mfululizo wa picha 12 wa katikati ya miaka ya 2000, alichukua michoro ya kale ya kitabibu inayoonyesha maradhi ya viungo vya uzazi vya mwanamke, akabandika juu yake macho, midomo na vipande vingine vya picha zilizochapishwa. Mchoro wa ugonjwa unageuka kichwa cha mtu, nacho kinamkodolea macho mtazamaji. Maandishi ya daktari hayakufutwa. Hapa dhana ya taka inavunjika kabisa, kwa kuwa michoro hiyo haikutoka jalalani. Ilikuwa na mamlaka. Ilifundishia watu namna ya kuutazama mwili wa mwanamke kama kielelezo kisicho na mwenyewe. Picha za kisasa zilizokatwa nazo zina namna yao ya kuutazama mwili huo, ambayo ni kuuza. Mutu amezigonganisha tazamo mbili pasipo kuipatia hata moja nafasi ya kujificha nyuma ya uzuri, ingawa picha zenyewe ni nzuri, na uzuri huo ndio unaoudhi.

Kuokota, kwa hiyo, kueleweke kuwa ni kukitoa kitu mahali kilipozoea kutii, pawe jalalani, hospitalini au katika shehena ya jahazi. Katika baadhi ya makaburi ya pwani bakuli za kaure zimekwisha kung'olewa. Pamebaki mashimo ya mviringo katika chokaa, yenye upana wa bakuli.