Nusu Kilo ya Vitabu Vyepesi

Mpwa wangu alinitumia ujumbe usiku, akitoka kazini. "Shikamoo mjomba. Hatimaye nimepata likizo. Nimekata tiketi ya ile meli ya kutembeza watu, siku saba. Tunatoka hapa Dubai, tunapita Doha na Muscat, tunarudi. Nataka vitabu vya Kiswahili vya kusoma humo. Vyepesi, mjomba. Sitaki kuumiza kichwa."

Jirani yangu, mfanyabiashara wa nguo Kariakoo, alikuwa anakwenda Dubai wiki hiyo kufuata mzigo. Akienda huwa na kibegi cha mkononi tu. Mabegi makubwa huyanunua hukohuko. Akakubali kunibebea nusu kilo, isizidi.

Nikakaa mbele ya rafu jioni nzima. Asiyejua angeona kazi ndogo: unachomoa vitabu viwili vitatu vya kuchekesha, unafunga. Lakini mimi nililelewa na mtu aliyeijua kazi hii kama fundi seremala anavyoujua mti, na sikutaka kuifanya ovyo.

Mjomba wangu alikuwa karani wa reli Kigoma. Chini ya kitanda chake kulikuwa na sanduku la mbao, limejaa riwaya. Mengi ya majalada yake yalikuwa yamebandikwa kwa gundi ya unga wa muhogo. Reli ya Kati inaishia pale Kigoma, na enzi hizo aliyetaka kwenda vijiji vya kusini mwa ziwa alishuka kwenye treni akaisubiri meli ya Liemba. Watu wa kusubiri huzungumza. Ikajulikana kwamba kwa karani fulani kuna vitabu vya kuazima, urudishe ukirudi. Hakutoza hata senti. Alichokitoza ni maswali matatu, na hakuna aliyepewa kitabu kabla ya kuyajibu: Unalala usiku ngapi melini? Unasafiri na nani? Kuna nini huko uendako?

Historia ya Liemba aliisimulia kama mtu anavyosimulia ya babu yake. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa, ikaletwa kwa makasha hadi Dar es Salaam na kutoka hapo kwa reli hadi Kigoma. Ikaungwa tena, ikashushwa ziwani mwaka 1915 kwa jina la Graf von Götzen. Mwaka uliofuata, Wajerumani waliposhindwa kuushikilia mji, waliizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wakazipaka mashine zake grisi nene. Ikalala chini ya maji. Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini ikiitwa Liemba.

"Kitabu cha melini nacho kipakwe grisi," mjomba alisema. "Ukizamishe, ukiibue, mashine iwake."

Sikuelewa mpaka niliposafiri mwenyewe. Sehemu nyingi Liemba haikuwa na gati. Ilisimama ziwani, ikapiga honi, na kabla mlio haujaisha mitumbwi imeizingira. Watu wakaingia kwa mlango wa ubavuni na madumu ya mawese, magunia ya dagaa, kuku, watoto waliolala mabegani, na huenda ni saa nane za usiku. Kila mtu anaita mtu wake. Wewe uko ukurasa wa arobaini. Unafunga kitabu, unasogeza miguu, unampokea bibi mmoja mzigo, mnasalimiana, mnaulizana mnakotoka. Ukija kukifungua tena saa nzima imepita, na kama mwandishi hakuijua kazi yake umeshasahau nani ni nani.

Kwa hiyo mjomba alipenda sura fupi. Alipenda wahusika unaowatambua kwa sauti zao, kama unavyowatambua watu wa nyumba yako gizani. Alikifungua kitabu ukurasa wa kwanza, kisha katikati, akasoma mazungumzo kwa sauti. Kama hakuwasikia watu wakisema, alikirudisha sandukuni. Alilala chali mkekani akakiinua kwa mkono mmoja juu ya uso, kwa sababu hivyo ndivyo abiria wa daraja la tatu anavyosoma, na mkono ukichoka haraka, hicho si cha melini. Aliyatazama maandishi chini ya taa ya chemli. Mwisho wa hadithi hakuuangalia kamwe, hata wa kitabu alichokisoma mara sita.

Kijana wa ualimu aliyepangiwa kituo Kasanga, peke yake, usiku wa pili ukimkuta bado yuko majini, alipewa Kikosi cha Kisasi cha Elvis Musiba. Willy Gamba anatumwa Kinshasa, na hapo kijana hatakuwa na nafasi ya kuiogopa Kasanga. Bwana na bibi waliooana karibuni walipewa Mzimu wa Watu wa Kale, wasomeane. Muhammed Said Abdulla alishinda kwa hadithi hiyo shindano la uandishi la mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa kitabu mwaka 1960, na mpaka leo sijui riwaya ya upelelezi inayosomeka vizuri zaidi kwa sauti. Bwana Msa na kiko chake, rafiki yake Najum pembeni akishangaa. Msomaji mmoja anakuwa huyu, wa pili anakuwa yule, na kila mmoja anakisia muuaji kabla ya mwenzake. Wale wawili waliporudi bado walikuwa wanabishana.

Kwa aliyejua Kiingereza kulikuwa na nakala moja ya The African Queen ya C. S. Forester, ya mwaka 1935. Humo watu wawili wenye kiboti kibovu wanaiwinda meli ya Wajerumani inayolitawala ziwa, na wengi huamini kwamba mwandishi aliichukua meli hiyo kutoka kwa Götzen. Mjomba hakumwambia msomaji. Alitaka agundue mwenyewe, katikati ya safari, kwamba meli inayowindwa kitabuni ndiyo hii anayoikalia, sakafu yake ndiyo inayotetemeka chini ya mkeka wake.

Halafu alikuja mama mmoja aliyekuwa anakwenda Kirando matangani. Nilikuwa na miaka kumi. Alijibu maswali yote matatu kwa sauti ndogo: usiku mmoja na nusu, na wanawe wawili, kumzika kaka yake ambaye pengine wangekuta ameshazikwa. Nilidhani mjomba atampa pole na kulifunga sanduku. Akachomoa Hekaya za Abunuwasi. Niliona aibu kwa ajili yake. Kumpa mfiwa vichekesho! Mwezi ulipopita yule mama alikirudisha kwa mikono miwili, jalada lina doa kubwa la mawese, akaomba radhi kwa doa. Alisema watoto wa marehemu walikataa kula siku tatu, wakala siku aliyowasomea Abunuwasi. Mjomba alikipokea kwa mikono miwili vilevile, akauliza tu ni hadithi ipi waliipenda.

Shuleni tulifundishwa kwamba kitabu cha maana ni kile kinachokushinda kidogo. Nikaamini, na nilipoanza kusafiri peke yangu nikabeba Nagona ya Euphrase Kezilahabi. Ni kitabu chembamba, kinaingia mfuko wa shati. Milima ya Congo ikapita upande wa magharibi mchana kutwa, nami niko ukurasa uleule. Nakiheshimu sana kitabu kile. Nilikimalizia nyumbani, mezani, asubuhi za Jumapili, kwa miezi miwili, na kilinibadilisha. Lakini kinataka sakafu isiyotikisika. Ndipo nilipoanza kuwaheshimu Abdulla na Musiba kwa namna nyingine. Kumshika msomaji katikati ya kelele za kuku na honi, bila kumwomba akukunjie uso, ni kazi ngumu ya mkono. Ukiukosea mstari mmoja, macho yake yamekwenda ziwani.

Basi nikamwandikia mpwa wangu maswali matatu yaleyale. Usiku ngapi, na nani, kuna nini huko.

Akajibu upesi la kwanza: usiku saba. La pili: "Peke yangu." La tatu lilichukua muda. Kisha: "Mjomba, nina miaka mitatu hapa hotelini sijalala mchana hata siku moja. Huko kuna usingizi."

Jibu hilo lilipindua rafu yangu yote. Nilikuwa nimeshamtengea Willy Gamba wawili, na Willy Gamba hamruhusu mtu alale. Nikawarudisha. Mtu anayefuata usingizi anataka hadithi anayoweza kuisoma ikaisha, akajifunika kitabu usoni. Nikamtoa Abunuwasi, nakala ileile ya Kirando, niliyorithi pamoja na sanduku.

Lakini siku saba ni nyingi, na baada ya siku tatu za usingizi mwili utaamka na kuanza kudai. Hapo nikaweka Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi, ya mwaka 1999. Ni nene kuliko vyote nilivyovifikiria, lakini inakwenda kwa kasi ya mashua yenye upepo: Yasmin, binti aliyeozwa mzee, anaondoka kwa mumewe, na kuanzia hapo Unguja ya wakati wa mkoloni inamfungulia milango mmoja baada ya mwingine. Mpwa wangu aliondoka nyumbani akiwa msichana mdogo. Nadhani atamjua Yasmin.

Cha tatu nilikichagulia Muscat. Meli za likizo hufunga Mutrah, karibu kabisa na soko la zamani, na Muscat wako wazee wengi waliozaliwa Unguja na Pemba, au watoto wao, wanaokizungumza Kiswahili nyumbani. Atasema neno moja dukani, mtu atageuka. Nikataka awe na kitu mkobani cha kumpa mtu huyo. Nikaweka Mzimu wa Watu wa Kale, nakala mpya, na ndani nikaandika kwa penseli kwamba akimaliza kabla ya Muscat akiache huko.

Nikavipeleka dukani kwa Mangi, akaviweka kwenye mizani ya unga. Gramu mia tano na kumi na mbili.

Tukaviangalia. Mangi akashauri nipunguze kimoja. Nikamwomba anisubiri. Jalada la Abunuwasi lilikuwa linashikiliwa na uzi mmoja tu, gundi ya mjomba ilishakufa zamani. Nikaukata uzi. Mshale ukashuka, na Mangi akasema pitisha, jirani yako hataleta mizani uwanja wa ndege.

Jalada liko mezani kwangu sasa, doa limeelekea juu. Nimechemsha gundi.