Besi Iliyomeza Maneno

Neno sabufa halimo katika kamusi niliyofundishia, lakini leo hakuna kijana wa Ludewa, Njombe wala Makambako asiyelijua. Ukipita kwenye maduka ya Makambako, pale ambapo reli ya TAZARA na barabara kuu ya kwenda Mbeya hukutana na barabara iendayo Njombe na Songea, utayaona masanduku yake yamepangwa mlangoni, meusi, yenye taa za bluu na nyekundu zinazocheza kwa kufuata muziki. Kila duka linajitahidi kulishinda jirani yake kwa kishindo, na mnunuzi aghalabu huchagua kile kilichomtikisa suruali.

Nakusudia kukihakiki chombo hiki kama vile ningehakiki tamthilia au diwani: kinasema nini, kinakisema vizuri kiasi gani, na ni nani hasa anayenufaika kwa kukisikiliza. Sioni kwa nini tuhakiki vitabu tu, ambavyo ni wachache wavisomao, tukaacha kuhakiki kitu kinachosema sebuleni mwetu kila jioni.

Sababu ya kulichukua jambo hili kwa uzito ni wazee wenzangu. Wengi wetu tukishapata kiinua mgongo, au watoto walioko mijini wakitaka kutoa shukrani, huletewa hom thieta. Huja na nderemo. Baada ya mwezi mmoja utamkuta mzee amekaa mbele ya taarifa ya habari akiwauliza wajukuu, "Amesemaje?" Mara ya kwanza hujibiwa kwa adabu. Mara ya tano huambiwa, "Babu, tutakueleza baadaye." Mara ya kumi hauliizi tena, anaondoka akaote moto jikoni. Mtu aliyekuwa mwamuzi wa mazungumzo ya nyumba anageuka mgeni ndani ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Watoto husema masikio ya babu yamekufa. Mimi nasema yamepungua, naam, lakini kilichommalizia ni ile zawadi.

Tuingie kidogo katika darasa la fonetiki, maana ndilo nililolifundisha chuoni miaka mingi. Chukua maneno pika, fika, shika na zika. Irabu ni zile zile. Yanatenganishwa na konsonanti moja tu ya mwanzo. Sasa, katika usemi irabu ndizo zenye nguvu. Hutoka kinywa kikiwa wazi, nazo hukaa zaidi katika mitetemo ya chini na ya kati. Konsonanti kama s, sh na f ni upepo mwembamba tu unaopenya kwenye meno na midomo. Nguvu yake ni haba, na sehemu kubwa ya upepo huo ni mitetemo ya juu, elfu kadhaa kwa sekunde. Sikio la kijana husikia kuanzia mitetemo 20 hadi 20,000 kwa sekunde. Uzee hauanzi kuitafuna orodha hiyo kutoka chini. Huanza juu, ukashuka polepole, kama panya anayefungua gunia kwenye mshono. Kwa hiyo mzee wa miaka sabini husikia vizuri kwamba mtu anazungumza, asijue kama mjomba amefika au amezika.

Kazi ya sabufa ni mitetemo ya chini, tuseme chini ya 120 hivi kwa sekunde. Hakuna s wala sh inayoishi huko. Tena sikio lenyewe lina tabia yake: sauti nzito ikizidi hufunika nyembamba zilizo juu yake, wala nyembamba haziwezi kulipiza kwa kiasi hicho hicho. Mtu akiongeza besi ili asikie vizuri, anafanya kama yule amwagaye chai juu ya barua ili isomeke.

Wasomaji wa umri wangu wataikumbuka redio ya mbao yenye spika moja. Radio Tanzania Dar es Salaam ilitufikia huku milimani kwa masafa ya kati na mafupi, pamoja na mikwaruzo na miluzi yake. Haikuwa na besi ya kujivunia, wala sauti za juu sana. Hata hivyo mtangazaji alipofungua kinywa, watu waliojaa uani walipata kila silabi, kwa kuwa kile kidogo kilichopita kilikuwa kile cha kati, mahali hasa usemi unapokaa. Simu za waya za zamani zilipitisha mitetemo 300 hadi 3,400 tu, na watu wakafahamiana, wakaposa, wakapeana tanzia. Hata marehemu Lufufu, aliyejipatia jina Dar es Salaam kwa kuzisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, aliijua siri hiyo: sauti ya msimulizi ilikuwa mbele, na bunduki za filamu zikabaki nyuma yake. Zanzibar ilipata televisheni mwaka 1973, sisi wa Bara tukangoja mpaka 1994. Nionavyo mimi, picha ilipofika tulianza kuamini kwamba sauti ni pambo lake.

Nije kwenye wati, ambazo ndizo uongo mkubwa wa biashara hii. Kijana mmoja muuzaji aliniambia, "Shikamoo mzee, hii ni wati elfu kumi." Nikamwomba aligeuze sanduku. Nyuma, kwenye kibandiko kidogo, iliandikwa kwamba chombo chote hutumia wati 60. Nikamwuliza, kinachokunywa wati 60 kutoka ukutani kitatoaje 10,000? Kikiweza, TANESCO na waifunge Mtera, tuwashe nchi kwa masabufa. Akacheka kwa heshima, akasema, "Mwalimu, wateja wengine hawageuzi."

Ile namba kubwa ya mbele huandikwa PMPO, na haina kipimo chochote kinachokubaliwa na wote. Mwenye kiwanda hukisia kilele cha kufumba na kufumbua, akajumlisha spika zote, kisha akaandika apendavyo. Namba ya kuuliza ni ile ya RMS, yaani nguvu ambayo chombo kinaweza kuihimili mfululizo. Na hata hiyo isikubabaishe. Ukizidisha wati mara mbili unapata nyongeza ya desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio huitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa mara mbili, huhitaji nguvu kama mara kumi. Mazungumzo ya kawaida sebuleni hutumia wati moja hivi, pengine na pungufu. Zilizobaki ni za kuwasumbua majirani. Shirika la Afya Duniani linashauri tusizidi desibeli 80 kwa saa 40 za wiki. Wapo vijana wanaoumaliza mgawo huo siku ya harusi kabla keki haijakatwa.

Hadaa ya pili ni wingi wa spika. Utaratibu wa spika tano na sabufa moja una heshima yake. Dolby waliuingiza kwenye majumba ya sinema kwa njia ya dijitali mwaka 1992, kwa filamu ya Batman Returns, na shabaha ilikuwa kila spika ipewe kazi yake, ile ya katikati ikibeba maneno ya waigizaji. Lakini sehemu kubwa ya vipindi vinavyotufikia kwa king'amuzi, na nyimbo zilizojaa kwenye flashi, vina njia mbili tu, kushoto na kulia. Masanduku mengi ya bei nafuu huzichukua njia hizo mbili na kuzirudia kwenye spika zote tano. Basi huo si ukumbi wa sinema. Ni mtu mmoja anayekusemesha kutoka pembe tano.

Kipimo changu mimi ni kwaya. Huku kwetu Njombe, makanisa yameilea sauti ya nne kwa vizazi kadhaa, na mtoto hujua kumtambua mwimbaji wa alto kabla ya kujua kugawanya. Weka kaseti au diski ya kwaya yoyote nzuri kwenye chombo unachotaka kukinunua. Ukisikia soprano juu, na chini mngurumo, huku alto na tenori wamepotea kama wanafunzi watoro, kirudishe. Kisha weka wimbo wowote wa Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki mwaka 1979, uone kama magitaa yanajibizana au yamekuwa tope moja. Chombo kikifaulu hapo, hata taarifa ya habari kitaisoma.

Haki itendeke kwa upande wa pili. Vijana hunieleza kwamba muziki wao, iwe Bongo Fleva, singeli au amapiano ya Afrika Kusini, umetungwa kwa besi ya mashine, na kuiondoa besi hiyo ni kama kuutoa uti wa mgongo. Ni kweli. Wala sisi si watu wa kuikana ngoma: kule ukingoni mwa Ziwa Nyasa mganda una ngoma yake kubwa, nayo huingia kifuani kabla ya kufika sikioni. Lakini ngoma hiyo hupigwa uwanjani, sauti ikapata pa kwenda. Ndani ya chumba chenye urefu wa mita 4 wimbi zito halina pa kwenda. Hugonga ukuta, likarudi, likakutana na mwenzake, na noti moja karibu na mitetemo 43 ikavimba kuliko nyingine zote. Zaidi ya hayo, sabufa ndogo ya inchi tano au sita haiwezi hata kuifikia vizuri noti ya chini kabisa ya gitaa la besi, ambayo ni mitetemo 41. Kwa hiyo inangurumia noti zake chache inazoziweza, kila wimbo ukafanana na mwenzake. Kijana anayependa besi amepunjwa kama babu yake, ila yeye bado hajagundua.

Basi mwenye shilingi chache afanyeje? Kwanza asinunue kitu. Aitoe sabufa kwenye kona, maana kona huzidisha mngurumo, kisha apunguze kitufe chake mpaka adhani imezimika, halafu aongeze kidogo tu. Zile spika ndogo azishushe kutoka juu ya kabati, azielekeze kwa watu, ziwe usawa wa masikio ya aliyekaa. Na hapa namwomba radhi mama mwenye nyumba: vitambaa vya kufuma ni vizuri sana kwenye makochi, lakini vikifunika spika huzuia zile zile konsonanti tunazozitafuta. Aangalie pia waya, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi katika spika zote mbili, kwani zikipishana spika moja husukuma wakati nyingine inavuta, na sauti hukosa kiini.

Pili ni chumba. Sakafu ya saruji, kuta tupu na madirisha ya vioo hurudisha kila neno mara kadhaa, likakanyagwa na lile linalofuata. Baridi ya Njombe imetupa dawa bila ya kujua: mablanketi. Mkeka mnene au zulia chakavu sakafuni, pazia zito dirishani, blanketi lililotundikwa ukuta unaoelekeana na spika, na usemi hunyooka pale pale. Sijaona fedha inayonunua sauti nyingi kuliko ile ya pazia.

Akibakiwa na fedha ndipo aende dukani, na ningemshauri aache sanduku jipya la taa za rangi. Kwa mafundi redio hupatikana spika mbili za mbao zilizotoka kwenye redio kubwa za Kijapani za zamani. Ule mpira wa pembeni umekwisha kulika, lakini koni na sumaku bado ni nzima, na fundi mzuri hubadilisha mpira huo. Amplifaya ndogo ya njia mbili yamtosha, pamoja na stabilaiza ya kuikinga umeme unapopandashuka. Televisheni bapa zina spika ndogo zinazotazama chini au nyuma, kwa hiyo hata spika moja nzuri, ikiwekwa katikati chini ya picha, huyarudisha maneno midomoni mwa wasemaji. Pia apite hospitali achunguzwe masikio. Nta iliyoziba huondolewa kwa dakika chache.

Sisi wa Liganga tuna kichekesho chetu katika jambo hili. Sumaku ya spika nyingi hutengenezwa kwa oksidi ya chuma iliyochanganywa na bariamu au strontiamu, nasi tumekalia mlima wa chuma, chenye titani na vanadi ndani yake. Shirika la NDC lilitia saini makubaliano na kampuni ya Sichuan Hongda ya China mwaka 2011 kuhusu chuma hicho. Sumaku za masabufa yetu, hata hivyo, huja kwa meli.

Yuko adui mmoja ambaye hakuna spika imwezayo, naye ni mvua juu ya bati. Kuanzia Novemba hadi Aprili, nyumba isiyo na dari haisikii kitu, na kuongeza sauti ni kupigana na mbingu. Dari ya mbao za paini zetu hupunguza ghasia hiyo kwa kiasi kikubwa, hasa fundi akitandika kitu kinene juu yake. Gharama yake huzidi masabufa kadhaa, ndiyo maana nimeiweka mwisho. Mwalimu mwenzangu mmoja, badala ya kuletewa hom thieta, aliwaomba wanawe wampigie dari. Sasa husikiliza taarifa ya saa mbili usiku, masika yakiwa yamepamba moto, kwa spika ya televisheni yenyewe, na wajukuu ndio wanaomwuliza amesemaje.